Kozi ya mtandaoni ianzie kwenye kazi ya mwisho

Mwalimu akiambiwa ahamishie somo lake mtandaoni, kitu cha kwanza anachofanya ni kuwasha kamera. Anarekodi mhadhara wa saa mbili kama alivyozoea kuutoa darasani, anapandisha faili, anaambatisha slaidi, anaweka mtihani mwishoni, na kozi anaihesabu imekamilika. Wanafunzi wanajiandikisha kwa wingi, wanafungua video ya kwanza, wanatazama dakika chache, na wengi hawarudi tena.

Darasani mhadhara wa saa mbili hubebwa na vitu ambavyo kamera haivinasi. Mwalimu anaona nyuso zimekunjamana, anarudia. Jirani ananong'ona, "Hapo amepataje?" Anayetaka kutoka anaona haya kwa sababu mlango uko mbele. Ukiviondoa vyote hivyo ukabakiza maneno ya mwalimu peke yake, umebakiza ile sehemu iliyokuwa na uzito mdogo kuliko zote. Kwa hiyo kozi ya mtandaoni haipangwi kwa kuuliza "nitasema nini?" Inapangwa kwa kuuliza mwanafunzi atafanya nini, saa ngapi, kwa kifaa gani, na nani atamwambia amekosea wapi.

Ili tusizungumze hewani nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: kozi ya wiki sita ya uwekaji hesabu kwa wahazini wa SACCOS na vikundi vya kuweka na kukopa. Ni watu wazima, mchana wana shughuli nyingine, wanasomea kwenye simu ya Android, na bando wanajinunulia wenyewe. Anayefundisha fizikia ya kidato cha tatu au kozi fupi ya wauguzi atabadilisha maudhui, lakini hatua ni zilezile.

Andika kazi ya mwisho kabla ya somo la kwanza

Kabla hujafungua kompyuta, chukua karatasi uandike kwa sentensi moja kile ambacho mshiriki atakifanya siku ya mwisho. Kwa mfano wetu: "Mhazini atapewa hati 40 za mwezi mmoja, ataziingiza kwenye daftari la fedha na leja, atafanya usuluhisho wa benki, atatoa urari, kisha atamweleza mwenyekiti kwa dakika tatu fedha zimekwenda wapi." (Leja ni kitabu chenye ukurasa wa kila akaunti; usuluhisho wa benki ni kulinganisha daftari na taarifa ya benki; urari ni orodha ya masalio ya akaunti zote ambayo pande zake mbili lazima zilingane.) Kila kitenzi hapo kinaonekana kwa macho na kinaweza kupewa alama. Ukijikuta umeandika "ataelewa misingi ya uhasibu", futa uanze upya, maana hutaweza kuuona huo uelewa wala yeye mwenyewe hataweza kuupima.

Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Ili atoe urari wiki ya 6, wiki ya 5 lazima awe ameshajua kutafuta kosa urari usipolingana. Ili afike huko, wiki ya 4 awe amefanya usuluhisho wa benki. Wiki ya 3 leja, wiki ya 2 daftari la fedha, wiki ya 1 kupanga hati kwa tarehe, kuzipa namba na kutofautisha fedha iliyoingia na ahadi ya fedha. Ukimaliza utaona kuna mada ulizozipenda ambazo hazina pa kukaa: historia ya uhasibu, fasili za kanuni kumi na mbili, aina za makampuni. Zitoe. Hatua hii inauma, na walimu wengi hapa ndipo wanapoanza kujitetea kwamba "lakini wanapaswa kujua". Kama mada haimsaidii kufanya kazi ya mwisho, iweke kwenye ukurasa wa ziada kwa anayetaka.

Baada ya hapo hesabu saa. Kwenye mfumo wa vyuo vikuu vya Tanzania krediti moja, yaani kipimo cha uzito wa somo, huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na ndani yake mna muda wa mwanafunzi kusoma na kufanya mazoezi peke yake. Huo ni utaratibu mzuri wa kuiga hata kama kozi yako haitoi krediti yoyote. Mtu mzima mwenye kazi ana kama saa 5 kwa wiki, yaani dakika 300. Zigawe: dakika 40 za video na sauti, 60 za kufuatilia mfano uliokwisha kufanywa, 90 za kufanya zoezi lake, 30 za jaribio fupi, 40 za majadiliano, 40 za kipindi cha mubashara. Ukijumlisha video na mubashara, muda ambao mwalimu anazungumza haufiki theluthi moja. Ukiona kwenye mpango wako umevuka nusu, umerudi kwenye mhadhara.

Bando ni sehemu ya mtaala

Hesabu ya data ifanyike mapema kama hesabu ya saa, kwa sababu mwanafunzi anaifanya kila siku hata kama wewe huifanyi. Video iliyorekodiwa kwa megabiti 3 kwa sekunde hula takriban MB 22 kila dakika. Ule mhadhara wa saa mbili basi ni GB 2.7. Video hiyohiyo ikibanwa hadi kilobiti 400 kwa sekunde, pamoja na sauti, inakuwa MB 3 kwa dakika, na kipande cha dakika 6 kinakuwa MB 18. Sauti tupu ya kilobiti 24 kwa sekunde ni chini ya MB 2 kwa dakika kumi. Ukiweka vipande vinne vya video kwa wiki, sauti moja na PDF moja nyepesi, wiki nzima haifiki MB 100, ukiacha mubashara.

Kubana video si kazi ngumu. HandBrake ni programu ya bure, na mipangilio inayofaa kwa somo la aina hii ni ukubwa wa picha wa 854 kwa 480, picha 15 kwa sekunde, H.264 (namna ya kubana video) yenye ubora wa RF 26 hadi 28 (namba ikipanda faili linapungua), na sauti ya mono. Picha 15 kwa sekunde zinatosha kabisa pale kinachoonekana ni mkono na karatasi. Kitu kinachoharibu mahesabu ni mandharinyuma inayotembea. Programu ya kubana huokoa nafasi kwa kutorudia sehemu ya picha ambayo haijabadilika. Pazia likipepea nyuma yako au majani ya mwembe yakichezacheza dirishani, kila picha ni mpya na faili linavimba maradufu. Kaa mbele ya ukuta.

Kuhusu urefu wa video, watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin mwaka 2014 walichambua mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi wa edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, walitazama video za masomo. Hata video iwe ndefu kiasi gani, muda wa kati wa kutazama haukuvuka dakika 6. Watu wengi wamelisikia hilo, wakachukua mhadhara wao wa saa nzima wakaukata vipande kumi. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mihadhara ya darasani iliyokatwakatwa haiwashiki watazamaji kama video zilizopangwa tangu mwanzo kuwa fupi. Ni rahisi kuona kwa nini: kipande cha tano kinaanza na "kama nilivyosema", na mtu hakumbuki ulisema nini. Kipande kimoja kijibu swali moja, na swali lenyewe liwe ndilo jina la faili. "Makato ya benki naandika wapi?" litafunguliwa. "Mada ya 4 Sehemu ya B" litaachwa.

Ndani ya video, acha kusoma slaidi. Mtu hawezi kusoma sentensi na kusikiliza sentensi ileile kwa pamoja bila moja kuisumbua nyingine, maana kasi yake ya kusoma si kasi yako ya kusema. Onyesha kitu, ukisemee. Kwa uwekaji hesabu, video bora ni ya karatasi: simu iegemezwe juu ya rundo la vitabu ikitazama chini, stakabadhi upande wa kushoto, daftari upande wa kulia, kalamu ikitembea. Mwandiko uwe mkubwa kiasi kwamba upande mzima wa daftari unachukua mistari minane tu. Fanya na kosa moja makusudi, ligundue, lisahihishe huku ukisema ulivyoligundua. Mwanafunzi anahitaji kuona jinsi mtu anavyotoka kwenye kosa kuliko anavyohitaji kuona mtu asiyekosea.

Sauti ina uzito kuliko picha. Picha ikiwa na ukungu mtu huvumilia. Sauti ikiwa na mwangwi anachoka ndani ya dakika mbili bila kujua kimemchosha nini. Rekodi chumba cha kulala, penye godoro, mapazia na nguo, si ofisini penye sakafu ya vigae na ukuta mtupu. Maikrofoni ya kubana kwenye kola ikae kama shubiri moja kutoka kinywani. Zima feni. Na urekodi sekunde kumi za majaribio uzisikilize kwa spika ya simu yenyewe, kwa sababu ndiyo atakayoitumia mwanafunzi.

Jambo jingine linalosahaulika ni PDF. Ukurasa wa A4 wenye maandishi ya ukubwa wa 11 ukifunguliwa kwenye simu unamlazimisha msomaji kukuza, kuburuta kulia, kurudi kushoto, mstari kwa mstari. Tengeneza kurasa za A5 zenye maandishi ya ukubwa wa 16. Leja yenye safu sita haitaenea. Ichore kama herufi T, debiti (kinachoingia) kushoto na krediti (kinachotoka) kulia, akaunti moja kwa ukurasa.

Swali moja kwa karibu

Hapa ndipo ningependa mwalimu atumie nusu ya muda wake wote wa maandalizi. Jaribio zuri la mtandaoni linafanya kazi ya yule mwalimu anayepita kati ya madawati, na kazi hiyo haifanyiki kwa maswali ya "ipi kati ya hizi ni fasili ya leja".

Tuchukue usuluhisho wa benki, wiki ya 4. Swali: Daftari la fedha la kikundi linaonyesha salio la benki Sh 1,840,000. Taarifa ya benki ya tarehe hiyohiyo inaonyesha Sh 2,065,000. Kuna hundi ya Sh 240,000 ambayo kikundi kimeitoa lakini bado haijafikishwa benki, na kuna makato ya benki ya Sh 15,000 ambayo hayajaandikwa kwenye daftari. Salio sahihi ni lipi?

Jibu ni 1,825,000, na njia zote mbili zinafika hapo: daftari ukiondoa makato, au taarifa ya benki ukiondoa hundi. Sasa majibu yasiyo sahihi yasichaguliwe ovyo. Kila moja liwe ni mahali ambapo mtu wa kweli angefika kwa kosa la kweli. 1,855,000 ni ya aliyejumlisha makato badala ya kuyatoa. 1,585,000 ni ya aliyetoa makato na hundi pia kwenye daftari, wakati hundi ilishaandikwa humo siku ilipotolewa. 2,305,000 ni ya aliyeongeza hundi kwenye salio la benki. Kisha chini ya kila jibu weka maelezo yake mwenyewe. Kwa aliyechagua 1,585,000: "Hundi hii uliiandika lini kwenye daftari lako? Kama ilishatoka huko, kuitoa mara ya pili ni kuilipa mara mbili." Maelezo hayo hayampi jibu. Yanamrudisha mahali alipopotea.

Ukipanga hivyo, utajua pia cha kufundisha kesho yake. Kwenye mada hii kuna mtego mmoja unaowanasa karibu wote, na kozi isiyoutaja itapoteza watu. Mhazini anapopeleka fedha benki, kwenye daftari lake anaandika debiti. Akichukua taarifa ya benki anakuta kiasi kilekile kimewekwa upande wa CR, yaani krediti. Anadhani amekuwa akikosea tangu mwanzo, anageuza daftari zima. Sababu ni kwamba benki inaandika kwa jicho lake: fedha za kikundi zilizoko kwake ni deni ambalo nyinyi wanakikundi mnaidai benki, yaani mali yenu ni dhima yake. Hilo lipewe kipande chake cha video cha dakika nne, lenye karatasi mbili mezani, daftari na taarifa ya benki, na kidole kikionyesha muamala mmoja pande zote mbili.

Majaribio hayo yawe mengi, mafupi, na yarudie ya nyuma. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma tena na tena anajihisi anajua, na hisia hiyo inamdanganya. Kwa jaribio la maswali 8 la wiki ya 4, weka maswali 5 ya wiki hiyo, 2 ya wiki ya 3 na 1 la wiki ya 1. Alama zake ziwe ndogo, ruhusu kurudia mara tatu, na uchukue alama ya juu. Lengo la jaribio hili ni mazoezi; ukilifanya kuwa mtihani watu wataanza kutumiana majibu.

Kwa wanaotumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi za mtandaoni, kuna jambo la kiufundi linaloharibu mipango mizuri. Programu yake ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua jaribio, kulifanya bila mtandao na kulituma akipata mtandao, lakini mpaka uiruhusu kwenye mipangilio ya jaribio, na haitakubali kama umeweka kikomo cha muda wa kujibu. Haitakubali pia kama umechagua mtindo wa maswali unaotoa majibu papo kwa papo. Inataka ule mtindo ambao maelezo hutolewa baada ya kuwasilisha jaribio zima. Walimu huweka dakika 20 kwa mazoea, kisha wanashangaa kwa nini mtu wa kijijini hawezi kufanya jaribio. Ondoa saa, acha tarehe ya mwisho peke yake, na tarehe hiyo iwe Jumatatu usiku badala ya Ijumaa, maana mwisho wa wiki ndipo watu wazima wanapopata nafasi.

Mazungumzo

"Jadili umuhimu wa kutunza kumbukumbu." Swali la namna hii huleta majibu 30 yanayofanana, kila moja likianza na "Naungana na mchangiaji aliyetangulia". Mpe mtu kitu cha kuamua. Kwa mfano: mwanachama ameleta marejesho ya Sh 50,000 saa 12 jioni, kitabu cha stakabadhi kimefungiwa kwa katibu, kesho ni mkutano. Unafanya nini usiku huo, na unaandika nini wapi? Hapo watatofautiana, na kutofautiana ndiko kunakoleta mazungumzo. Wagawe makundi ya watu 12 hadi 15. Wakizidi, wa mwisho hawana la kusema, wakipungua sana kundi linakufa wawili wakiugua.

Moodle ina aina ya jukwaa ambalo mshiriki haoni majibu ya wenzake mpaka aandike lake. Inafaa sana kwa swali la kuamua. Ila majibu ya wenzake hayaonekani palepale: yanasubiri muda wa kuhariri upite, ambao kwa kawaida ni dakika 30. Waambie mapema, la sivyo utapokea ujumbe ishirini kwamba mfumo ni mbovu.

Na WhatsApp? Itumike, kwa sababu ndiko watu waliko, lakini iwe na kazi maalumu. Kundi moja la matangazo ambamo wasimamizi tu wanaandika: Jumanne ujumbe mmoja unaosema wiki hii tunafanya nini na itachukua MB ngapi, Jumapili ukumbusho mmoja. Mijadala na kazi zisikae huko, maana baada ya siku tatu jibu muhimu limezama chini ya salamu za asubuhi na pole za msiba. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, na uwe na mstari mmoja wa maandishi unaosema una nini ndani. Wafundishe pia kutuma picha za stakabadhi kama dokumenti: picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na tarakimu za stakabadhi iliyofifia hazisomeki.

Kipindi cha mubashara kiwe dakika 40, saa 2 usiku, kamera zikiwa zimezimwa ili kuokoa data. Usifundishe kitu kipya humo. Onyesha swali ambalo wengi walikosa kwenye jaribio la wiki, sema, "Andikeni jibu lenu lakini msitume mpaka nihesabu tatu," kisha hesabu. Majibu yanamiminika kwa pamoja, hakuna anayenakili la mwenzake, na wewe ndani ya sekunde tano umeona darasa limesimama wapi. Ukiuliza "mmeelewa?" utaambiwa "ndiyo mwalimu", na utakuwa hujajifunza lolote. Aliyekatikiwa na umeme asipelekewe rekodi nzima ya dakika 40. Mpelekee ukurasa mmoja wenye swali, jibu na kosa lililotawala.

Kusahihisha, na akili mnemba

Washiriki 60, dakika 10 kwa kila kazi, ni saa 10 kwa wiki. Hakuna mwalimu atakayeziweza saa hizo kwa wiki sita mfululizo, na akishindwa wiki ya 3 kozi inaanza kunuka upweke. Basi usahihishe kwa mkono mara tatu tu, wiki ya 2, ya 4 na ya 6. Kwingine jaribio lijisahihishe. Kwa kila kazi andaa maoni 12 hadi 15 ya makosa yanayojirudia, uyahifadhi, na uongeze mstari mmoja wa mtu binafsi. Maoni yawe na sehemu tatu: umefanya nini sawasawa, umekosea wapi hasa, ufanye nini kabla ya wiki ijayo. Yarudi ndani ya saa 72, wakati bado anakumbuka alivyokuwa akifikiri. Yakirudi baada ya wiki mbili anatazama alama na kufunga.

ChatGPT na wenzake wataandika insha ya "umuhimu wa usuluhisho" vizuri kuliko mshiriki yeyote, hivyo insha hiyo usiiombe. Omba picha ya daftari lililoandikwa kwa mkono kutoka kwenye hati ulizompa, pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika tatu unaoeleza tarakimu moja utakayoichagua wewe: "Nieleze Sh 63,500 iliyoko tarehe 17 imetoka wapi." Tengeneza seti nne za hati, A hadi D, zinazotofautiana kwa miamala mitatu tu. Kila seti inatoa urari wake, na wewe unahitaji karatasi nne za majibu badala ya 60. Kwa majaribio, Moodle ina aina ya swali la kukokotoa ambalo humpa kila mtu tarakimu zake.

Wanaopotea

Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walipochunguza kozi huria za mtandaoni za MITx na HarvardX, yaani za vyuo vya MIT na Harvard, waliona kwamba mwaka 2017–18 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya wote waliojiandikisha. Hizo ni kozi za vyuo vyenye fedha na wataalamu wa kila aina. Ubora wa video hauwezi kuwa ndio unaomshika mtu.

Kinachomshika ni kujua kwamba akikosekana kuna atakayemuulizia. Mfumo unaonyesha kila mshiriki aliingia mara ya mwisho lini. Kila Alhamisi pitia orodha hiyo, na ambaye hajaingia kwa siku tano apigiwe simu, asitumiwe barua pepe. Simu haizidi dakika tatu, na swali lisiwe "mbona hujasoma?" Anza hivi: "Umekwamia wapi? Nikusaidie kuanzia hapo." Sababu ya kawaida ni ndogo sana: amesahau nywila, simu imejaa haipakui faili, au amekosa jaribio moja akadhani ametolewa. Wiki ya 2 ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu shauku ya kujiandikisha imeisha na kazi ngumu imeanza. Kwa hiyo wiki ya 1 iwe na kazi ndogo ya kutuma kitu, hata kama ni picha ya stakabadhi moja iliyopewa namba. Aliyekwisha kutuma faili moja ameshapita kizingiti cha kiufundi, na kosa la nywila au kupakua linajitokeza mapema ukiwa bado na muda wa kumsaidia.

Kabla ya kufungua kozi, wape watu watano wiki ya 1 na ya 4 waifanye kwenye simu zao wenyewe. Usiwaelekeze. Kaa kando, andika kila mahali wanaposita zaidi ya sekunde kumi, na mwishoni soma kwenye mipangilio ya simu wametumia MB ngapi. Mara nyingi utakuta vitufe viwili vyenye majina yanayofanana, kiungo kinachotaka kuingia upya, na neno moja la maelekezo ambalo kila mmoja amelielewa kivyake.

Kozi ikiisha, fungua takwimu za maswali. Swali lililopatwa na zaidi ya asilimia 95 halikumfundisha mtu kitu. Lililokoswa na wengi likague kwanza lenyewe kabla ya kuwalaumu, kwa sababu huenda ufunguo wa jibu umewekwa kimakosa au sentensi ina maana mbili. Na lile ambalo wanaofanya vizuri kwingine wanalikosa huku wanaofanya vibaya wakilipata, lina kasoro karibu kila mara. Liandike upya kabla ya awamu inayofuata, na liweke kwenye orodha ya yatakayotazamwa na wale watu watano.